Bibi aliuliza: watu wako wapi?

Nianze na aibu yangu, historia itafuata.

Nilikwenda Newala kutafuta habari ya korosho. Mhariri alitaka maneno mia nane na picha mbili, basi. Mimi nikajiongezea siku tatu za kukaa na bibi mzaa mama, ambaye sikuwa nimemwona tangu nimalize chuo. Safari ya Kusini si ile tena ya kulala kwenye kivuko cha Rufiji mkisubiri zamu. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Unaipita Kilwa kwa mbali, unaiacha Lindi, unakunja Mnazi Mmoja, unapita Ndanda, unashuka Masasi miguu imekufa ganzi. Hapo unatafuta gari la kupanda Newala, na hapo ndipo mtoto wa mjini anapoanza kutoa kichwa dirishani kama mbuzi aliyefungwa kwenye keria.

Jioni ya siku ya pili nikaenda Shimo la Mungu. Kwa asiyepajua: mji wa Newala umekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, na kuna mahali ardhi inakatika ghafla, kama mtu aliyekuwa anaongea akanyamaza katikati ya neno. Chini ni bonde, vichaka, moshi wa mashamba, na mbali kabisa ni upande wa mto Ruvuma, ng'ambo yake Msumbiji. Jua lilikuwa linazama. Nilipiga picha arobaini. Alikuwepo mzee mmoja na baiskeli yake, nikamwomba asogee pembeni kidogo ili asiniharibie picha. Akasogea. Hiyo ndiyo aibu ninayoisema.

Usiku nikamwonyesha bibi zile tatu nilizoziona bora. Bibi yangu kwa hesabu za familia amevuka miaka themanini na mitano, ana nembo usoni, na macho bado yanamtii. Alishika kamera, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Mume wangu," akaniambia, maana huo ndio utani wetu, "watu wako wapi?"

Nikamweleza kwamba hiyo ni mandhari, bibi, ni uzuri wa nchi tu. Akasema haya, lakini hii ni njia ya maji. Akaweka ukucha juu ya kioo, penye kivuli cheusi ambacho mimi nilikipenda kwa sababu ya jua. "Tulishukia hapa." Akaeleza walivyokuwa wanatoka kabla ya kukucha wakiwa wasichana, mitungi mitupu ikishuka nao, wanakuta foleni kwenye kisima, wanapanda nayo imejaa. Uwanda wa Makonde juu hauna maji. Maji yako chini mabondeni. Mradi wa maji wa Makonde ulikuja miaka ya 1950, na haukuufikia kila mlango kwa siku moja. Kwa hiyo picha yangu nzuri ya machweo, kwa bibi, ilikuwa picha ya shingo inayouma.

Sikuwa na la kusema. Nikazima kamera.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa Posta, Dar, kwa wale wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza chini, nikaokota kitabu kinene cha historia ya sanaa cha E. H. Gombrich, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1960. Jalada lilikuwa limenyonyoka, bei ikashuka kwa sababu hiyo. Humo ndani nikakutana na mchoraji wa Kijerumani ambaye sikuwahi kumsikia: Ludwig Richter.

Richter alizaliwa Dresden mwaka 1803 na akafa mwaka 1884. Anahesabiwa katika mkondo wa Uromantiki. Tafadhali ondoa kichwani kadi za Valentine. Wachoraji wa mkondo huo walikuwa wamechoshwa na miungu ya Kigiriki na mahekalu ya marumaru, wakageukia ukungu, misitu, magofu, mbalamwezi, na zaidi ya yote moyo wa mtu anayevitazama vitu hivyo. Richter mwenyewe alichora mashamba, njia, vivuko, watoto wanaocheza, familia mezani.

Kisa chake kinachosimuliwa sana anakieleza mwenyewe katika kumbukumbu za maisha yake, zilizochapishwa baada ya kufa kwake. Alikuwa kijana, yuko Italia miaka ya 1820. Siku moja yeye na rafiki zake watatu walikaa mahali panapoitwa Tivoli, karibu na Roma, mbele ya mandhari moja. Wakakubaliana kwamba kila mmoja atachora kile anachokiona tu, bila kuongeza wala kupunguza hata unywele. Walikuwa na penseli ngumu zilizochongwa hadi zikawa kama sindano. Jirani yao wakaja wachoraji wa Kifaransa na mizigo mikubwa, brashi nene, rangi wakizimwaga kwa wingi, na vijana wa Kijerumani wakaona huo ni uhuni. Jioni wakaweka kazi zao pamoja. Kilima kimoja, miti ileile, saa ileile, nia ileile ya ukweli, na picha nne zisizofanana hata kidogo. Kila picha ilifanana na aliyeichora.

Nilisoma ukurasa ule nimesimama, daladala zikipiga honi mgongoni. Hakuna aliyedanganya kati ya wale wanne. Hilo ndilo lililonishika. Sisi tuliofundishwa uandishi wa habari tumezoea kwamba taarifa mbili zikitofautiana, basi mmoja anasema uongo, mtafute. Kumbe inawezekana wote wakawa waaminifu kabisa na bado kila mmoja akarudi na nchi yake.

Kuna jambo la pili katika maisha ya Richter ambalo lilinigusa zaidi, pengine kwa sababu ya umri wangu. Aliporudi kutoka Italia, tangu 1828 hadi 1835, alikuwa mwalimu wa kuchora katika shule ya kiwanda cha vyombo vya kauri huko Meissen. Kazi ya mshahara. Miaka yote hiyo moyo wake ulibaki Italia. Akichora, alichora Italia ya kichwani. Sijui wewe mwenzangu, lakini mimi nina marafiki walioko Dar huku mioyo yao iko London tangu mwaka wa kwanza wa chuo. Mwaka 1834 Richter akatembea kufuata mto Elbe, ng'ambo kidogo ya kwao, akagundua kwamba anachokitafuta kilikuwa njiani kwake siku zote. Akaiacha Italia. Mwaka 1837 akamaliza picha inayotajwa kuliko zote alizochora: mashua inavuka mto chini ya gofu la ngome ya Schreckenstein, ambalo leo liko Jamhuri ya Czech. Ndani ya mashua kuna mzee anayepiga kinubi, mpiga makasia mzee, vijana wawili wanaopendana, na mwingine amesimama anatazama gofu juu mlimani. Mandhari ipo, tena kubwa. Ila Richter hakumwambia mtu asogee pembeni.

Baadaye alichora mamia ya picha za vitabu, zile za kuchongwa kwenye ubao kisha kupigwa chapa. (Ndugu zangu Wamakonde msicheke, ndiyo, na Wajerumani nao walichonga.) Picha za ubao zilikuwa rahisi, zikaingia hata kwenye nyumba za watu wa kawaida.

Sasa nikawaza: je, tukiwakalisha wachoraji wanne mbele ya Masasi? Si kwa kubuni. Watu walishawahi kukaa pale, kila mmoja na penseli yake, na kazi zao zipo.

Wa kwanza atakuwa Wilhelm Bornhardt, mwanajiolojia wa Kijerumani aliyezunguka Kusini miaka ya 1890. Ukiwa Masasi huwezi kuikwepa ile milima ya mawe, Mkomaindo, Mtandi na wenzake, inayosimama peke yake katikati ya tambarare kama ilidondoshwa kutoka mbinguni. Bornhardt akaona visiwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1900 akaiita milima ya namna hiyo inselberg, yaani milima kisiwa, na neno hilo likaenea dunia nzima. Kama ulisoma jiografia kidato cha tano, ulilikariri, na huenda hukuambiwa kwamba lilizaliwa kwa kutazama mawe ya huku Kusini. Mimi sikuambiwa. Kwenye visiwa vya Bornhardt hakuna mtu, na si kosa lake. Alikuja kutazama mawe.

Wa pili ni wamisionari wa UMCA. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yuleyule aliyeandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili, alitoka pwani na kundi la watumwa walioachiwa huru, nia ikiwa kuwasogeza kuelekea Ziwa Nyasa walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi wakaona ardhi nzuri, wakasimama hapo. Chini ya miamba ileile wao waliona kijiji ambacho bado hakijajengwa: kanisa, shule, bustani. Kijiji kikajengwa kweli. Mwaka 1882 Wangoni, ambao watu wa huku waliwaita Magwangwara, wakakivamia, wakaua na kuchukua mateka. Chauncy Maples akahamishia kazi Newala, kwa Matola, mkuu wa Wayao. Fikiria watu waliokombolewa utumwani wanachukuliwa tena wakiwa chini ya mlima walioambiwa ndio kwao.

Hapo ndipo nilipoielewa njia ya bibi. Wamakonde hawakukaa juu kule mbali na maji kwa kuwa hawakujua maji yako wapi. Vichaka vya juu na ule ukingo vilikuwa boma lao, dhidi ya wavamizi na dhidi ya misafara ya watumwa. Maji yalikuwa bei ya usalama, na bei hiyo ililipwa kwa kichwa na shingo za wanawake, na iliendelea kulipwa miaka mingi baada ya wavamizi wenyewe kwisha.

Wa tatu na wa nne walikaa mahali pamoja, mwaka mmoja, na ndio walionifanya niandike haya.

Karl Weule alikuwa mtu wa makumbusho ya Leipzig, jimbo la Saxony, kulekule anakotoka Richter. Mwaka 1906 alikuja Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa utafiti wa mila. Alikusudia kwenda Kondoa-Irangi, lakini huko hakukuwa shwari, akageuziwa Kusini: Lindi, Masasi, Chingulungulu, Newala, Mahuta. Alikuja amejiandaa haswa. Alikuwa na kamera, mashine ya kunasa sauti kwenye silinda za nta, na mashine ya picha za mwendo. Ngoma alizozipiga ni miongoni mwa picha za mwendo za mwanzo kabisa za Afrika Mashariki.

Lakini angalia mwaka. 1906. Vita ya Maji Maji ilianza Umatumbi Julai 1905, na mwezi uliofuata misheni ya Masasi ikachomwa moto. Wajerumani walijibu kwa bunduki, kisha kwa kuchoma mashamba na maghala, na njaa ikamaliza kazi. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilikuwa watu 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Weule alitembea na mashine zake katika nchi ambayo majivu yake yalikuwa hayajapoa, akitafuta mila safi za kale. Kitabu chake kikatoka mwaka 1908, kinaitwa "Negerleben in Ostafrika". Jina lenyewe linakwambia alisimama wapi.

Sitaki kumfanya shetani. Alikuwa mdadisi na mchapakazi, na bila yeye tungekosa mengi. Lakini tazama picha zake za watu: mwanamke wa Kimakonde na ndonya yake, mwanaume wa Kimakua na nembo zake, wa mbele, wa ubavu. Watu wamejaa. Majina ndiyo haba. Mimi niliyafuta kabisa macho ya watu kwenye picha yangu. Weule aliwaweka, ila kama vielelezo vya darasani. Sijui ni nani kati yetu anamdai mwenzake.

Sasa sikia alichofanya halafu. Weule aligawa penseli na daftari za kuchorea kwa wapagazi, watumishi na wenyeji, akawaambia chora unachotaka. Na picha zile alizichapa kitabuni, na chini yake, jambo la ajabu, akaandika jina la aliyechora.

Kwa hiyo tunawajua. Bakari, Mswahili, alichora meli ya Rufiji. Juma alichora nyani wakivamia shamba, jambo ambalo mkulima yeyote wa Masasi analo la kusimulia hata kabla hujamaliza swali. Akachora pia maandamano ya siku ya mwisho ya unyago. Salim Matola alichora wachezaji wa vinyago vya uso. Na Pesa Mbili, Mnyamwezi, kiongozi wa wapagazi, alichora msafara wenyewe ukitembea.

Kwanza hilo jina. Pesa ilikuwa sarafu, 64 kwa rupia moja, mpaka Wajerumani walipoleta heller mwaka 1904. Yaani bwana huyu alijiita, au aliitwa, kwa fedha ambayo mwaka 1906 nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa na heller. Wapagazi walikuwa na ucheshi wao. Ningempenda.

Lakini fikiria alichokifanya. Weule amekuja kutoka Leipzig na mashine tatu ili awatazame watu. Mtu aliyebeba mizigo yake anapewa penseli, pengine kwa mara ya kwanza, na kitu anachochagua kuchora ni msafara wa Mzungu. Anayetazamwa naye alikuwa anatazama. Wataalamu wa wakati ule walipenda kuzilinganisha picha kama hizi na michoro ya watoto wadogo, na wakatoka na nadharia ndefu kuhusu akili za "watu wa asili". Mimi nikiitazama naona taarifa ya mtu aliyekuwepo. Msafara kwake una watu wanaotembea na mizigo. Mandhari ya nyuma hakuiweka, na nadhani najua sababu: ukiwa na mzigo kichwani na jua la saa sita, unatazama kisigino cha aliye mbele yako.

Pesa Mbili alichora na ramani. Si ya Kusini. Ni ya njia kuu ya misafara inayotoka pwani kwenda kwao Unyamwezi, pamoja na vituo vyake. Siku zangu za shule ramani ilikuwa kitu cha kutazama kutoka juu, kama ndege. Ramani ya mpagazi ni mfuatano wa mahali pa kusimama: hapa, halafu hapa, halafu hapa.

Rudi sasa kwa wale vijana wanne wa Tivoli. Walikuwa Wajerumani wote, wa umri mmoja, wa elimu moja, na bado picha zao zilitofautiana. Je, kati ya profesa wa Leipzig na mpagazi wa Unyamwezi? Na bado kwa miaka zaidi ya mia moja, mtu akitaka kujua Newala ya 1906 ilikuwaje, anafungua maneno ya Weule, na michoro ya kina Juma anaipita kama mapambo ya ukurasa. Mimi nilifanya hivyohivyo mara ya kwanza nilipokifungua kitabu hicho. Nilipekua picha za kamera.

Hapa lazima nimgeukie Richter mwenyewe, maana sitaki mseme nimemfanya mtakatifu. Zile picha zake za ubao, za familia zenye amani na mbwa chini ya meza, zilitoka katika miaka migumu. Mei 1849 watu wa Dresden, mji wake, walijenga vizuizi mitaani dhidi ya mfalme wao na wakapigwa na majeshi. Huwezi kulijua hilo kwa kutazama watoto wa Richter wakicheza. Kuweka watu kwenye picha hakutoshi. Unaweza kuwaweka watu na ukaiacha njaa yao nje ya fremu.

Hata sisi tulikuwa na Richter wetu, na lawama zetu zilikuwa hizohizo. Sam Ntiro, aliyezaliwa Uchagga mwaka 1923, alisoma Makerere kwa Margaret Trowell, kisha Slade huko London, na baada ya uhuru akawa balozi wetu Uingereza. Aliishi kuchora vijiji vya Kilimanjaro: watu wanalima pamoja, wanabeba pombe ya ndizi kwenda harusini, mlima nyuma yao. Mwaka 1960 jumba la sanaa za kisasa la New York lilikuwa limeshanunua kazi yake. Alifariki mwaka 1993. Kuna waliosema vijiji vyake ni vitamu mno, hakuna anayegombania shamba wala anayeumwa. Huenda ni kweli. Ila mimi nikikumbuka kwamba kwa miaka mingi waliochora nchi hii kwa ajili ya macho ya ulimwengu walikuwa kina Weule, namwelewa Ntiro aliyejaza turubai watu wake mwenyewe wakiwa na kazi zao na furaha zao. Pengine alikuwa anarudisha waliosogezwa pembeni. Tubishane.

Nyimbo za wazee wetu kwenye silinda za nta, vinyago vya uso, na shehena nyingine ya Weule, vilikwenda Ujerumani. Hilo ni suala la siku nyingine na lina hasira yake. Leo nilitaka tu kusema kuhusu penseli.

Maana msimu uliofuata nilirudi Newala, safari hii bila mhariri. Nilimpelekea bibi shuka, sukari, na daftari la karatasi nyeupe na penseli. Alipokea shuka na sukari. Daftari alilitazama, akalirudisha, akasema yeye hajui kushika hicho. Kisha akaomba nimletee kijiti.

Tulikuwa uani, chini ya mkorosho, mchanga umefagiwa asubuhi. Akainama, akachora mstari uliopinda. Akauliza kama naona. Nikasema naona. Akaweka jiwe: hapa ndipo tunapoanzia. Jiwe la pili: hapa pana mti, mnangojana. Jiwe la tatu: hapa pana utelezi, hapa shoga yake aliangusha mtungi wa mama yake na hakurudi nyumbani mpaka usiku, wakamtafuta kwa mienge. Jiwe la nne ni kisima. Wakati wa kupanda, vituo vilikuwa vingine, kwa hiyo akachora mstari wa pili kando ya ule wa kwanza, na mawe yake mengine. Kumbe kwenda na kurudi ni njia mbili. Nilinakili vyote kwenye daftari alilolikataa, na jina lake nimeliandika chini, kama Weule alivyoandika la Juma.

Halafu nikamuuliza: mahali pale nilipopigia picha, pale ukingoni, pako wapi hapa?

Akatafuta kwa macho. Akaweka kidole kwenye mstari wa kupandia, karibu na mwisho, mahali ambapo hakukuwa na jiwe.

"Ni hapa," akasema. "Lakini hapa hatukuwa tunasimama. Mtungi ukishajaa, husimami mahali pa wazi kama pale. Upepo."